Mkanda wa jeshi: nimemeza vidonge 140 vya asiklova, maoni yangu haya

Wale mnaouliza kama asiklova, ile dawa ya virusi, inasaidia mkanda wa jeshi, inasaidia, ila sio ile ya kupaka na sio ukichelewa, ngoja nieleze mana mimi ya kupaka niliinunua na kuchelewa nilikaribia kuchelewa.

Ilianza kama kichomi ubavu wa kushoto, nkajua nimelala vibaya. Siku tatu hivi naugulia tu, mara Jumanne jioni naoga naona vijilengelenge vimejipanga mstari kutoka mgongoni kuja mbele chini ya ziwa, upande mmoja tu, na maji yakigusa pale kama nimemwagiwa ya betri. Jirani yangu bibi mmoja akanitazama akasema mwanangu huo mkanda wa jeshi, ukizunguka ukakutana unakufa. Sikulala. Baadae ndo nikaelewa kirusi kinafuata mshipa wa fahamu wa upande mmoja kwahiyo kukutana sio rahisi hivo, ila saa nane usiku nani ana akili ya kujua hayo.

Kesho yake nkaenda duka la dawa la karibu, jina naliacha, kijana akaniuzia tyubu ya asiklova ya kupaka pamoja na antibayotiki, nkalipa nkapaka siku mbili nzima na malengelenge yanaongezeka tu. Krimu inaishia juu ya ngozi, wakati kirusi kimekaa ndani kwenye mshipa, na ni kile kile cha tetekuwanga niliyougua nikiwa darasa la pili, hakijawahi kuondoka, kilijilalia tu miaka yote hiyo kinasubiri kinga ishuke. Antibayotiki ndo usiseme, ile ni ya bakteria, kirusi haikijui wala haikigusi.

Ijumaa asubuhi hospitali. Swali la kwanza la daktari ni vipele vimetoka lini, nkahesabu, akasema umeponea chupuchupu, dawa inatakiwa ianze ndani ya masaa 72 tangu vipele vitoke. Akaandika miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, sa dirishani kufika dawa iliyopo ni ya miligramu 200. Piga hesabu mwenyewe, vinne kila mara, ishirini kwa siku, vidonge 140! Nilitoka pale na mfuko kama natoka sokoni.

Nkamuuliza dada mfamasia jamani vyote hivi ni halali? Akacheka, akasema tumbo linaipokea kidogo sana hii, nyingi inapita tu ndo mana dozi kubwa. Ipo ndugu yake inaitwa valasiklova, wameibandika kipande cha kuisaidia kupenya, hiyo unameza mara 3 tu kwa siku ila pale hawakuwa nayo.

Foleni haikuwepo basi akanipa na shule kidogo, hapa ndo nilipoipenda hii dawa. Kirusi kikitaka kuzaana lazima kinakili DNA yake, yani maelekezo yake ya urithi, na DNA ichukulie kama treni, behewa linafungwa nyuma ya behewa, kila moja lina sukari, fosfeti na herufi yake, na herufi ziko nne tu, A, T, G na C. Asiklova imeundwa ifanane na behewa la G, ila ile sukari wameikata, ndoano ya nyuma haina. Kirusi kinaliunga kikijua ni lake, kinaleta behewa linalofuata, pa kufungia hakuna. Treni imeishia hapo hapo.

Nkamwambia sasa si na seli zangu zitakwama? Kumbe dawa ikiingia mwilini inakuwa imelala, mpaka ipachikwe fosfeti ya kwanza, na mwenye kimeng'enya cha kuipachika vizuri ni kirusi mwenyewe, seli zetu zinamalizia mbili zinazobaki. Yani panya anautega mtego kwa mikono yake halafu anaukanyaga. Aliyeongoza maabara ilikotoka hii kitu ni mama wa Marekani, Gertrude Elion, udaktari wa falsafa (PhD) hakuwahi kuumaliza na bado 1988 akapata Nobel, heshima yake.

Nilipimwa na VVU, mana mtaani ukitaja tu mkanda wa jeshi watu wanakutazama kwa jicho lile. Majibu hasi, daktari akasema hata umri peke yake unatosha kuuamsha. Na lamivudini na tenofovia wanazotumia wenye VVU ni ukoo huo huo wa mabehewa ya bandia, sikujua kabisa.

Matokeo sasa. Siku ya tatu malengelenge mapya yakaacha kutoka, ya saba yamekauka gamba. Kero zipo, alamu ya simu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kila baada ya masaa manne mpaka saa nne usiku, kichefuchefu siku mbili za mwanzo, na maji unakunywa mpaka unachoka kwa sababu dawa inaweza kuganda kwenye figo kama huna maji ya kutosha (mwenye shida ya figo aseme mapema, dozi yake inapunguzwa). Vipele vikikutokea karibu na jicho usisome hata maoni yangu, kimbia hospitali. Na maumivu hayakuisha na vipele, mwezi wa pili huu shuka likigusa ubavu nashtuka, nimepewa dawa nyingine ya hayo. Kirusi chenyewe bado kipo, asiklova inakizuia kuzaana tu, kukihamisha haiwezi.

Vidonge nawapa nyota nne, moja nimekata kwa ajili ya zile alamu. Krimu imebaki nusu tyubu, dada mfamasia anasema niiweke tu, siku nikitokwa na vile vidonda vya homa mdomoni nitaipaka.