Inkbird ITC-308 kwenye friji la bia: uzoefu wangu

Mi napika bia nyumbani hapa Dar, ndoo ya lita 20, na aliyekaa Dar mwezi wa pili anajua chumba kinafika digrii 30 na usiku hakipoi. Sasa hamira ya ale (bia inayochacha bila baridi kali) kama US-05 mwisho wake digrii 26, na ikianza kula sukari inatoa joto lake yenyewe, kwahiyo ndani ya ndoo joto linapita la chumbani kwa digrii kadhaa. Hapo ndo inatoka ile bia inayonukia kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, glasi mbili tu asubuhi kichwa kinagonga. Ukisema utie kwenye friji ivoivo nayo inashuka mpaka 4, hamira inalala.

Hichi kidude cha Inkbird, kinachowasha na kuzima friji kufuata joto unalotaka, kinamaliza hiyo kesi. Kinachomekwa ukutani, friji inachomekwa kwake, we unaweka namba basi, friji ya mtumba yoyote inafaa ilimradi inagandisha na wala huiti fundi kufungua chochote. Kina soketi mbili, moja ya kupoza moja ya kupasha, ya kupasha kwa Dar ni pambo tu, labda wenzetu wa Njombe kile kibaridi cha mwezi wa saba.

Mi naweka 18 na tofauti ya 1, yaani friji inawaka bia ikifika 19 inazima ikirudi 18. Kuna sehemu ya kuchelewesha kompresa, iacheni kwenye dakika 3 jamani msiweke sifuri, kompresa ikiwashwa-zimwa mara kwa mara inakufa.

Ila kazi yote iko kwenye sensa, ule waya wake wa kupimia joto. Wengi wanaiacha inaning'inia humo ndani ya friji, inasoma hewa, namba inaonyesha 18 safi kumbe bia yenyewe iko 22. Ibandike na selotepu ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, juu yake kandamiza kipande cha sponji la godoro ili isome ndoo na sio hewa. Hapo ndo utaona ladha inabadilika kweli.

Nisichokipenda hakina ratiba, povu likishashuka inabidi ukapandishe mwenyewe mpaka 20 au 21 ili hamira iiondoe ile ladha ya siagi, ukisahau ndo imetoka. Umeme ukikatika sio ishu sana, lita 20 hazipati moto haraka, we usifungue mlango tu, na ukirudi kinakumbuka namba zako.

Asiye na hela ya friji atafute kveik ya Voss, hamira ya kutoka Norway, hiyo digrii 35 mpaka 40 ndo inafurahi na inatoa kaharufu ka chungwa katamu tu. Lager, ile bia inayotaka kuchachia kwenye baridi, ndo usahau.