Maabara ya isotopu iliyoniharibia maji yangu

Nimekaa na hasira hii kwa muda, leo naitoa. Nilipeleka maji ya chemchemi na ya mvua kwenye maabara moja ya chuo kikuu inayopima isotopu thabiti, yaani atomi nyepesi na nzito za elementi ile ile, zisizooza. Kila chupa niliijaza pomoni, sikuacha hata kiputo cha hewa, nikakaza kifuniko na kukizungushia utepe. Maji yakivukiza, molekuli nyepesi ndizo hutangulia kutoka. Yanayobaki huwa mazito, oksijeni-18 na deuteri (oksijeni nzito na hidrojeni nzito) zinapanda, na hapo hakuna mashine ya kukurudishia kilichopotea.

Majibu yalikuja baada ya wiki nyingi. Maji ya mvua yasiyovukiza hukaa karibu na mstari alioueleza mwanajiokemia Harmon Craig mwaka 1961: ukipima tofauti na maji ya marejeo (maji ya kulinganishia) kwa kila elfu, thamani ya deuteri ni mara 8 ya thamani ya oksijeni-18, jumlisha 10. Yangu yalikuwa chini ya mstari, mwinamo wake 5 hivi badala ya 8, kama maji ya dimbwi yaliyovukiza. Chemchemi inayotoka mwambani, kivulini!

Nikaenda mwenyewe. Chupa zangu nilizikuta dirishani, jua linazipiga, utepe umebanduliwa, vifuniko vimekaa upande. Maji yalikuwa yameshuka chini ya bega la chupa. Wao huchota mililita moja au mbili tu. Mengine yalikwenda wapi? Fundi wa zamu hakuinua hata macho kwenye simu yake. “Dada, maji ni maji. Yamepungua kidogo tu.”

Maji ni maji! Anayasema hayo mtu anayelipwa kutofautisha maji na maji.

Lakini haki lazima niiseme. Dada wa zamu ya jioni alisikia kelele, akaniomba chupa za akiba nilizoweka kwenye friji. Alizipima mbele yangu, akayaacha majibu ya vipimo vya kwanza vya kila chupa kwa sababu mashine hubaki na kumbukumbu ya sampuli iliyotangulia, akarudia maji ya marejeo kila baada ya sampuli chache. Chemchemi zote zikakaa kwenye mstari wenyewe. Nilitaka kumkumbatia. Siku ile ningewapa alama zote.

Ila mvua sikuwa nimeiwekea akiba. Msimu mzima nimekinga usiku na mchana, na mvua ile hainyeshi tena. Ukilazimika kuwapelekea, mkabidhi yule dada mkononi. Lakini nikikumbuka lile dirisha, nasema hivi: usipeleke kabisa.