Ukifika Tain-l'Hermitage, anza na mvinyo mweupe

Mvinyo wa bonde la Rhône ukitajwa, watu hukimbilia mwekundu. Mimi nawaambia waanze na mweupe, na mahali pazuri pa kuuonjea ni duka la Cave de Tain, Ufaransa.

Ni ushirika wa wakulima ulioanzishwa 1933, chini kabisa ya kilima cha Hermitage, mwendo wa kama saa moja kwa treni kutoka Lyon. Kilima chenyewe ni mizabibu mitupu hadi juu kwenye kikanisa cha mawe. Kwetu Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huku ni mara moja tu, na kwa mikono, maana mteremko ni mkali. Shamba zima la Hermitage halifiki hekta 140. Ukijua hilo, bei ya mvinyo wake inaeleweka.

Dada aliyetuhudumia alinimiminia kwanza Crozes-Hermitage mweupe, mvinyo wa mashamba yanayozunguka kilima hicho, wa zabibu za Marsanne. Nilitarajia ukali wa ndimu. Haukuwapo! Ulikuwa mzito kidogo, una umafutamafuta mdomoni, unanukia lozi na asali, na sukari hamna. Sisi tuliozoea mvinyo mtamu wa nyumbani, pua ikishasikia asali ulimi unajiandaa kwa utamu. Hapa utamu hauji, na hapo ndipo uliponikolea. Niliporudi nikaunywa na samaki wa kupaka. Tui zito huufunika mvinyo mwingi mweupe, ila huu ulienda nalo sawia hadi sahani ikaisha.

Jambo moja tu: usiugandishe. Mgahawa mmoja tuliokula mchana uliniletea mweupe wa baridi kali hadi harufu yote ikafa, nikalazimika kuishika glasi kwa viganja mpaka ikapata uhai. Nyuzi 12 zinatosha.

Mwekundu wa huku Rhône ya kaskazini ni wa zabibu za Syrah, na ile harufu ya pilipili manga mnayoisikia wauzaji wakiisifia ni ya kweli. Kuna kemikali iitwayo rotundone inayoipa pilipili manga harufu yake, nayo imo kwenye maganda ya zabibu hizo. Crozes mwekundu una hiyo pilipili pamoja na tunda jeusi lililoiva, na unanyweka mapema. Kwa mbuzi wa kuchoma sioni mpinzani wake. Hermitage mwekundu ukiwa mchanga una ukakasi wa bibo, unakausha ulimi. Unataka miaka kabatini, na bei yake ni mara kadhaa ya Crozes. Kwa anayeanza, Crozes.

Pale dukani hawauzi mvinyo wa kusini, wa akina Châteauneuf-du-Pape. Huo hutawaliwa na zabibu za Grenache, una joto, na kilevi chake mara nyingi hupita asilimia 14. Ni mzuri wakati wa baridi, lakini mimi moyo wangu uko kaskazini.

Kitu kingine kilichonifurahisha ni kwamba unaonja kwanza, unauliza maswali yako yote, ndipo ununue, na aliyechukua chupa moja ya bei nafuu anahudumiwa sawa na aliyebeba kasha. Mimi nilichukua Crozes, mweupe na mwekundu, na chupa moja ya Hermitage mweupe, ambao huweza kukaa zaidi ya miaka kumi. Huo nimeulaza. Crozes mweupe unafunguliwa Jumamosi, samaki aina ya changu ameshapatikana.