Unga wa shabu kwa haidrenja zilizokatwa: unafaa, ila usiutegemee peke yake

Haidrenja, ua la bustani lenye kichwa kikubwa kilichoundwa na maua mengi madogo, ikinyauka hainyauki taratibu. Asubuhi kichwa kimejaa, jioni kimelala kando ya chombo kama kitambaa kilicholowa. Sababu kubwa ni mbili. Kwanza, kichwa kimoja kina sepali nyingi pana (hizo ndizo watu wengi huziita petali, maua yenyewe ni yale madogo ya katikati), na zote zinapoteza maji hewani saa zote. Pili, shina likikatwa hutoa utomvu unaonata, ambao huganda kwenye jeraha na kuziba mirija ya maji. Chombo kinaweza kujaa pomoni na ua likafa kwa kiu.

Shabu inatibu hilo la pili tu. Ni ileile shabu ya kutulizia tope kwenye maji, na ya kufanya achari isilegee. Kwa kazi hiyo moja tunaipa alama 4 kati ya 5: bei ni ndogo, kopo dogo linakaa muda mrefu, na haihitaji vifaa.

Inatumika hivi. Andaa chombo kwanza, kioshwe kwa sabuni na kujazwa maji safi yasiyo ya barafu, kabla hujagusa mkasi. Mimina unga kwenye kisahani hadi ufikie kina cha sentimita 1 au 2. Ondoa majani yote yatakayozama majini, na mengi ya yale ya juu pia. Majani ya haidrenja ni mapana, nayo yananyang'anyana maji na kichwa. Kata ncha ya shina kwa mshazari, kiasi cha sentimita 2 hadi 3, kwa mkasi mkali usioponda. Ichovye palepale kwenye unga, igeuze ili kidonda chote kipate, kung'uta unga uliozidi, tia majini. Kati ya kukata na kutia majini zisipite sekunde nyingi. Ukikata mashina yote kwanza ndipo uanze kuchovya, lile la kwanza limeshavuta hewa na utomvu wake umeshaganda, na hapo unga hausaidii kitu. Kosa hili ndilo linalowafanya wengi waseme shabu ni uongo.

Kila unapokata upya, chovya upya. Maji yabadilishwe kila siku, au angalau kila baada ya siku 2, kwa sababu bakteria huziba mirija vilevile kama utomvu, na shabu iliyobaki kwenye ncha haitoshi kuwazuia.

Wakati wa kununua, tafuta unga laini, mweupe, usio na harufu. Jiwe la shabu la kupaka baada ya kunyoa ni kitu hichohicho, lakini lazima ulitwange. Vipande haviingii kwenye kidonda cha shina. Unga uliovuta unyevu huganda mabonge, kwa hiyo funga kopo vizuri. Usichukue dawa ya udongo ya kugeuza haidrenja kuwa za buluu. Hiyo ni ya mmea ulio ardhini, ambako udongo wenye asidi huuwezesha mzizi kufyonza alumini.

Mshindani wa kweli wa shabu ni maji yanayochemka, na hayauzwi. Kata shina, zamisha sentimita 2 au 3 za ncha kwa sekunde 30, halafu hamishia kwenye maji ya kawaida. Uinamishe ua pembeni ili mvuke usiunguze kichwa. Kwa shina gumu lenye mti, sisi tungechagua njia hii. Shabu tungeiacha kwa mashina mabichi, na kwa mafundi wa maua wenye mashina mengi ya kushughulikia kwa mfululizo.

Ile pakiti ya chakula cha maua? Ina sukari, asidi na dawa ya kuua bakteria, na inafaa, mradi uipime kama lebo inavyosema. Ukitia nusu ya kipimo ili kubana matumizi, umewalisha bakteria sukari bila kuwapa dawa ya kutosha. Heri maji matupu.

Sasa alama moja iliyopungua. Shabu haifufui ua lililokwisha kulegea. Kwa hilo kuna dawa nyingine: kata ncha tena, kisha zamisha ua zima, kichwa na shina, kwenye beseni la maji baridi kwa dakika 30 hadi 45, kwa kuwa sepali za haidrenja hunywa maji zenyewe. Likitoka, kung'uta polepole na ulirudishe chomboni. Mengi hurudi. Yakianza kuwa ya kahawia na makavu pembeni, hayo yamekwisha.

Wala unga hauwezi kuokoa ua lililokatwa changa mno. Shika kichwa kwa vidole: kikiwa laini na teketeke, na maua ya katikati bado yamefumba, kitanyauka hata ukifanya kila kitu sawasawa. Kata kilichokomaa, ambacho sepali zake zimekakamaa kidogo kama karatasi, na ukate asubuhi mapema, shina lingali na maji. Mashina yaliyochipua kwenye tawi la mwaka uliopita hudumu kuliko machipukizi mapya.

Chombo kikae mbali na jua la dirishani, feni, na bakuli la matunda yaliyoiva, ambayo hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua. Kikae mbali na paka na mbwa pia, maana haidrenja ni sumu kwao.