Ngozi ya kunolea patasi: miezi minane kwenye kibanda changu

Ngozi ya kwanza ya kumalizia makali baada ya jiwe la kunolea niliiagiza mtandaoni. Ilikuja tayari imebandikwa kwenye ubao wenye mpini, imepigwa muhuri, inanukia duka la viatu. Shilingi 2,800 pamoja na kuletewa. Baada ya wiki mbili patasi yangu ya milimita 12, iliyotoka kwenye jiwe ikinyoa vinyweleo vya mkono, ilikuwa inaponda saiprasi badala ya kuikata. Nami kila asubuhi naisugua kwenye ngozi kwa bidii ya mtu anayefua blanketi! Nikawa nalaumu chuma cha patasi.

Kibanda changu cha mabati kiko Kawangware, Nairobi. Si seremala wa kutwa, natengeneza vigoda na masanduku wikendi, oda mbili tatu kwa mwezi. Jirani yangu ndiye fundi wa kweli, mzee aliyetengeneza vitanda vya Ngong Road tangu mimi sijazaliwa. Siku moja alipita, akaibonyeza ile ngozi kwa kidole gumba, kidole kikazama. Akaniuliza, "Kijana wangu, hili godoro umelinunua wapi?"

Nilicheka, lakini alikuwa amemaliza kesi. Ngozi ile ilikuwa nene, milimita tano hivi, na laini. Ukikandamiza patasi juu ya ngozi ya namna hiyo, chuma kinazama, halafu ngozi inainuka tena nyuma yake pale makali yanapopita na kuyalamba kwa juu. Ncha inaviringika kidogo kidogo. Kwa macho huoni kitu, maana inang'aa kama kioo. Saiprasi ndiyo itakayokusema. Ni mti laini, na ukikata kichwa cha ubao kwa patasi isiyokuwa kali, nyuzi zake zinalala na kuchanika badala ya kukatika. Mbao ngumu inaweza kukusamehe, saiprasi haikusamehei.

"Vinyozi wa zamani walikuwa na mkanda," mzee akaendelea. "Mwembamba, mkavu, wameuvuta ukakaza. Hawakunolea juu ya mto." Yeye mwenyewe hana ngozi yoyote. Akishanoa hufuta patasi kwenye kiganja chake, huku na huku mara kadhaa, na kiganja hicho ni kigumu kuliko soli ya kiatu changu. Sikushauri ujaribu.

Jumamosi iliyofuata nikashuka soko la Kariokor, kwa wale wanaoshona sandali. Niliomba kipande cha ngozi ngumu ya soli, iliyotengenezwa kwa maganda ya miti. Hapa ndipo pa kuwa macho, kwa sababu ngozi nyingi za mikoba na viatu zimetengenezwa kwa dawa za kromu badala ya maganda, nazo ni laini na zinavutika. Tazama pale ilipokatwa. Ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu inayoelekea bluu katikati, ya maganda ni kahawia mpaka ndani. Nilipata kipande cha sentimita 25 kwa 7, unene wa milimita mbili na kidogo, kwa shilingi 150. Muuzaji aliniuliza natengeneza sandali ya mguu mmoja?

Nyumbani nilipiga randa kipande cha mahogani mpaka kikanyooka sawasawa, nikabandika ngozi kwa gundi ya viatu, upande laini juu, nikaweka matofali usiku kucha. Asubuhi nikaikwaruza kidogo kwa msasa ili dawa ishike. Wako wanaobandika upande wa ndani, ule wenye nyuzinyuzi, juu. Hushika dawa vizuri zaidi, lakini ule wangu haukuwa tambarare, nikauacha.

Dawa yenyewe ni kile kipande cha kijani kinachotumiwa na wanaong'arisha vyuma vya pua. Kinachofanya kazi humo ni oksidi ya kromiamu, yenye chembe za karibu nusu mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ingawa vipande vingi vya bei nafuu vimechanganywa na unga mwingine wenye chembe kubwa zaidi. Changu kilikwaruza vibaya siku ya kwanza, kisha kikatulia. Unakipaka kama chaki, kwa wepesi. Mimi nilikipaka kama siagi kwenye mkate, kikafanya madonge, ikabidi nikwangue kwa mgongo wa kisu na kuanza upya. Kikikauka, tone moja la mafuta ya cherehani linatosha.

Sasa mkono. Noa kwanza kwenye jiwe mpaka usikie kwa kidole kinyuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili wa makali. Bila hicho hujafika ukingoni, na ngozi haitakusaidia kitu. Kisha laza mshazari wa patasi, ule upande ulionolewa kwa mteremko, kwenye ngozi na uvute kurudi nyuma, makali yakifuata, kamwe usiyasukume mbele kwa sababu yatakata ngozi. Vuta kama mara 15, geuza, laza mgongo bapa kabisa, vuta mara tano. Uzito wa mkono peke yake unatosha. Kilichonichukua muda kujifunza ni mwisho wa mvuto, pale mkono unapotaka kuinua mpini kabla patasi haijasimama. Hapo hapo ndipo unaviringisha ncha. Simama kwanza, ndipo uinue moja kwa moja.

Ngozi ikigeuka nyeusi usishtuke. Hicho ni chuma kinachotoka.

Kwa kazi yangu, tofauti ni hii: zamani nilirudi kwenye jiwe mara tatu au nne kwa siku moja ya kuchimba matundu ya ndimi, yale ambamo ncha ya ubao mmoja huingia kwenye mwingine. Sasa nafuta kwenye ngozi kila nusu saa, dakika moja, na jiwe naligusa asubuhi tu, wakati mwingine siligusi kabisa. Kisu cha randa kimenufaika zaidi ya patasi. Mahogani inatoka maranda mororo yanayojikunja, na msasa ninaonunua umepungua sana. Visu vya kuchongea vijiko navyo karibu haviendi kwenye jiwe tena.

Lakini isikudanganye. Mwezi wa tatu nilipewa mbao za mvule kuukuu, na mvule una tabia ya kuficha mawe madogo ya chokaa ndani yake. Patasi ikakutana na moja, ikang'oka kipande kama chembe ya mchele. Nikaivuta kwenye ngozi mara mia, kwa ubishi tu. Pengo likabaki pale pale, likawa linang'aa. Patasi butu au iliyopasuka inataka jiwe, na ikizidi inataka grainda, huku ukiichovya kwenye maji mara kwa mara isije ikageuka bluu na kupoteza ugumu.

Malalamiko mengine: vumbi. Januari na Februari kibanda changu kinajaa ule udongo mwekundu, na chembe moja ya mchanga juu ya ngozi inakuchorea mstari kwenye makali yote. Sasa naifunika kwa mfuko wa unga na kuitundika juu ya dirisha. Pia usiiache juani, kwani ubao wangu ulipinda kidogo mwezi wa pili, nikaurudisha kwa randa.

Ningeinunua tena? Ile ya 2,800, hapana. Nimeikata vipande vya kuwekea miguu ya meza isikwaruze sakafu. Hii ya Kariokor, pamoja na dawa ya shilingi 600 ambayo bado haijafika nusu, ndiyo pesa iliyonilipa kuliko kifaa chochote nilichonunua mwaka huu, na nimenunua clampu nne.

Kinachonisumbua bado ni bobari, ile patasi yenye makali ya mviringo. Nje yake inanoleka vizuri nikiizungusha kwenye ngozi, ila ndani panataka ngozi iliyoviringwa kwenye kijiti cha mduara unaolingana. Nimebandika vijiti viwili, vyote gundi imeachia kwenye joto la mabati. Jumamosi narudi Kariokor kutafuta ngozi nyembamba zaidi, safari hii nitaifunga kwa uzi.