Jekyll na Hyde kwa sauti ya msomaji mmoja: kitabu cha kusikiliza kinachostahili hedifoni nzuri

Rekodi hii ina hadithi mbili na inakaribia saa nne. Ya kwanza ni kisa cha Daktari Jekyll na Bwana Hyde cha Robert Louis Stevenson, kilichotoka London Januari 1886, kuhusu daktari anayekunywa dawa aliyoitengeneza mwenyewe na kugeuka kuwa mtu mwingine mwovu, Hyde. Ya pili ni "William Wilson" ya Edgar Allan Poe, ya mwaka 1839. Msomaji ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Naipa nyota nne. Nyota ya tano wameipoteza watu wa muziki, yeye hana lawama.

Kazi yangu ni kurekodi vitabu vya wanafunzi wasioona, kwa hiyo msomaji akivuta pumzi pasipo mahali pake nasikia, na mhusika akibadilikiwa na sauti katikati ya sura nasikia vilevile. Kwa watu wa kazi yetu hadithi hizi mbili ni mtihani mgumu, kwa sababu ndani yake sauti yenyewe ni ushahidi. Tangu mwigizaji Richard Mansfield alipoanza kugeuka kutoka Jekyll kuwa Hyde jukwaani, mbele ya macho ya watazamaji, Boston mwaka 1887 kisha London mwaka uliofuata, watu wamezoea kumtarajia Hyde kama dubwana. Wasomaji wengi wa vitabu vya sauti nao wanamngurumisha. Ukimngurumisha umeshaimaliza hadithi, maana msikilizaji anapata mtu mwema huku na mnyama kule, na hawahusiani.

Stevenson ametaja wazi sauti ya Hyde ilivyo. Wakili Utterson, rafiki wa Jekyll, anapomvizia na kumkabili mlangoni, Hyde anamjibu kwa sauti iliyokauka, ya kunong'ona, inayokatikakatika kidogo. Msomaji huyu ameliona hilo na kulitii. Hyde wake anaongea taratibu, kooni tu, kifua hakimo. Halafu inakuja sura inayofuata, Jekyll amewaalika marafiki chakula cha jioni, anabaki na Utterson karibu na moto wakizungumzia wosia wake unaomwachia Hyde mali, na kwa mara ya kwanza tunamsikia daktari mwenyewe. Sauti ni nene, ya mtu aliyeshiba na kuheshimiwa. Lakini namna anavyozikata sentensi unaijua. Umeshamsikia mtu huyu dakika chache zilizopita, gizani. Nywele zilinisimama hapo, na hakuna lolote la kutisha lililokuwa limetajwa.

Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha uchunguzi wa nafsi, katika makala yake ya mwaka 1919 kuhusu hofu ya aina hii, anasema haitokani na kitu kigeni. Inatokana na kitu tulichokijua zamani, kikafichwa, kikarudi. Katika tanbihi anasimulia alivyokuwa peke yake kwenye behewa la treni, treni ikayumba, mlango wa chumba cha kunawia ukafunguka, akaingia mzee aliyevaa joho la kulalia na kofia ya safari. Freud akainuka kumwelekeza kwamba amekosea njia, kumbe ni yeye mwenyewe kwenye kioo cha mlango. Anasema sura ya yule mzee haikumpendeza hata kidogo.

Nalitaja hilo kwa sababu Jekyll anafanya kinyume chake kabisa, na hapo ndipo rekodi hii inapofikia kilele. Anapojitazama kwenye kioo kwa mara ya kwanza akiwa Hyde, Jekyll hachukizwi. Moyo wake unaruka kumkaribisha yule aliyemwona. Huyu naye ni mimi, anasema. Nimewasikia wasomaji wakipasoma mahali hapo kwa kutetemeka. Huyu anapasoma kwa furaha, furaha safi ya mtu aliyempata ndugu yake aliyepotea, na inatisha kuliko mtetemeko wowote. Kama unataka kujaribu kipande kimoja kabla ya kununua, tafuta hicho, kiko katika maelezo ya Jekyll mwenyewe mwishoni.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kuliona nilipokuwa nakisoma kitabu kwa macho. Ushahidi ndani ya hadithi unapingana. Guest, karani wa Utterson, anaweka barua ya Hyde kando ya mwaliko ulioandikwa na Jekyll, anazitazama, anasema miandiko inafanana sana, ila mmoja umelala tofauti na mwingine. Baadaye, usiku wa mwisho, Utterson na Poole, mtumishi mkuu wa nyumba ya Jekyll, wako nje ya mlango uliofungwa, na sauti kutoka ndani inamwomba Utterson kwa jina la Mungu ahurumie. Utterson anapiga kelele kwamba hiyo si sauti ya Jekyll, ni ya Hyde, na mlango unavunjwa kwa shoka. Jicho la karani limewafanya mmoja, sikio la wakili limewafanya wawili, na wote wawili wamesema kweli. Msomaji anaitoa ile sauti ya kuomba huruma katikati, haijawa ya huyu wala ya yule. Kitaalamu ni vigumu mno kuishikilia sauti mahali hapo bila kuteleza upande mmoja. Niliirudisha nyuma ili niisikie tena, na hakuteleza.

Wakishaingia wanamkuta Hyde sakafuni ameshakata roho, mwili ungali unatetemeka, amevaa nguo kubwa kupita kiasi, za kimo cha daktari. Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa muziki. Aliyeuweka hakukisoma kitabu, au alikisoma kwa haraka. Mauaji ya Sir Danvers Carew, mzee ambaye Hyde anampiga kwa fimbo hadi kufa, yanapoanza tunapigiwa radi, mvua na fidla. Lakini Stevenson ameandika kwamba sehemu ya kwanza ya usiku ule haikuwa na wingu, mwezi ulikuwa mpevu, njia inang'aa, na kijakazi amekaa dirishani akiwaza mema juu ya dunia nzima. Utulivu ule ndio unaoifanya fimbo ya Hyde iume. Ukimimina radi juu yake, kijakazi yule anawaza mema kwenye dhoruba, na mandhari inakuwa upuuzi. Milango inayolia kila baada ya dakika chache naweza kuivumilia. Hilo la mwezi siwezi.

Kosa la pili ni la uhariri. Sura ya mwisho ni ndefu, wakaigawa mafaili mawili, na mkato umeangukia bustani ya Regent's Park. Jekyll amekaa benchini siku safi ya Januari, anajilinganisha na watu wengine na kujiona afadhali, ghafla anasikia kichefuchefu. Faili linaishia hapo. Kisha tangazo la jina la kitabu, kisha namba ya sehemu, ndipo anautazama mkono wake juu ya goti na kuona ni wa Hyde. Aliyekata hapo amekata pumzi ya msomaji na ya msikilizaji pamoja. Utangulizi na jalada la uso uliopasuliwa nusu kwa nusu sina la kusema, uruke tu.

"William Wilson" imewekwa ya pili, na mpangilio huo ni wa akili nyingi. Mtu anayejiita William Wilson anakutana shuleni na mvulana mwenye jina lilelile, walioingia siku moja, waliozaliwa tarehe moja, 19 Januari, ambayo ndiyo tarehe ya kuzaliwa ya Poe mwenyewe. Yule mwenzake ana udhaifu wa koo, hawezi kupaza sauti zaidi ya mnong'ono. Baada ya saa tatu za Hyde, mnong'ono huo unapotokea tena ndani ya hedifoni, karibu na maikrofoni kiasi cha kusikia midomo ikigusana, unahisi Hyde ametoka kitabu kimoja akaingia kingine. Mnong'ono unamfuata Wilson hadi Oxford usiku anapoiba kwenye karata, unamfuata hadi Roma kwenye karamu ya vinyago.

Mwisho, baada ya Wilson kumchoma mwenzake kwa upanga, Poe anatuambia adui hakunong'ona tena, na Wilson alihisi kama ni yeye mwenyewe anayesema. Msomaji habadilishi chochote. Anaendelea na sauti ileile aliyotusimulia nayo tangu mwanzo, bila kutua, hata huwezi kuonyesha kidole ni neno gani msimulizi alinyamaza na mwingine akaanza.

Wenye rekodi wakitoa toleo lisilo na muziki, lenye sura ya mwisho katika faili moja, nitalinunua siku hiyohiyo.