Jikoni nawapa kumi, turubai nawapa tatu: shughuli ya majirani mtaani kwetu Makorora

Naona mitaa mingine hapa Tanga nayo inapanga kufanya siku ya majirani kama tuliyofanya sie, na maswali ni yaleyale, inagharimu shilingi ngapi, watu wanakuja kweli, inalipa au ni kelele tu za Jumapili. Basi nimeona niandike tathmini yangu kama mkazi wa kawaida niliyechanga, nikamenya vitunguu na nikala. Sipo kwenye kamati, sina posho ya mtu, kwaiyo nikisifia nimesifia na nikiponda nimeponda.

Kamati yenyewe ni watu wa kujitolea, vijana kadhaa na kina mama wa mtaani, hakuna mfadhili wala mheshimiwa nyuma yao. Kila nyumba elfu tatu au kilo ya mchele, asiye nacho anakuja na mikono yake na haulizwi na mtu. Mwenyekiti wa mtaa alipelekewa barua mapema, polisi wakaarifiwa, hayo yalikwenda vizuri. Siku waliyochagua ndo walionyesha akili, Jumapili alasiri, wa kanisani wameshatoka na kulala kidogo wamelala, Waislamu wameshaswali adhuhuri na alasiri inaswaliwa palepale msikitini hatua mbili tatu unarudi, alafu haikuangukia Ramadhani wala Kwaresima. Ukidhani ni jambo dogo nenda kaangalie shughuli ngapi zimekufa kwa sababu nusu ya mtaa imefunga.

Wasiotujua, Makorora na Tanga nzima kwa ujumla ni mchanganyiko wa zamani. Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua ndo wenyeji, kuna Wapemba, Waarabu, Wahindi, afu kuna wale ambao babu zao waliletwa kwenye mkonge. Mkonge wenyewe ni mgeni, Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche 62 tu ndo ilifika ikiwa hai, na hiyo 62 ikazaa mashamba yaliyohitaji watu kuliko Tanga ilivyokuwa nao. Wakaja manamba, yaani vibarua wa mkataba, Wamakonde, Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, na wengi hawakurudi. Mzee mmoja mtaani kwetu baba yake alikuja kutoka Msumbiji kukata mkonge, yeye mwenyewe anaongea Kibondei kushinda Wabondei. Sasa hivi limekuja wimbi jingine, bandari imepanuliwa, na bomba la mafuta kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani, kwaiyo vyumba vya kupanga vimejaa watu wa Mwanza, Mbeya, Dodoma ambao asubuhi wanatoka na usiku wanarudi na salamu inaishia mlangoni. Hao ndo kamati iliwalenga, na hapo ndo nataka kuwapima.

Tuanze na jikoni maana ndiko nilikokaa zaidi.

Jikoni lilikuwa uani kwa bi mkubwa mmoja, mafiga chini ya mwembe, masufuria makubwa ya shughuli yameazimwa kwa mama wa kwaya, mikeka na majamvi kwa kina mama wa msikitini. Kamati ilitangaza kwenye gurupu la wasap kwamba anayetaka kusaidia aje saa mbili asubuhi na kisu chake. Mie nilitegemea kukuta walewale wa kila siku, wale ambao msiba wao harusi yao. Lahaula, uani pamejaa. Kuna binti amehamia chumba cha nyuma kwa jirani yangu, ametoka Mwanza, anafanya kazi kwenye kampuni moja huko bandarini, tangu ahamie sijawahi kusikia sauti yake. Kapewa mbuzi ya kukunia nazi, kakaa upandeupande kama anaogopa itamng'ata. Bibi akamtazama weee, akamwambia, "Mwanangu usikune mpaka kwenye kifuu, tui litakuwa jeusi watu waseme tumepikia maji ya mtaro." Binti akacheka, akasema sawa bibi, wao kwao nazi sio sana, wamezoea samaki wa ziwani na ugali. Bibi akamuuliza huyo samaki anapikwaje bila tui, jamani mjadala uliozuka hapo, kina mama wote wakaacha visu, huyu anatetea chukuchuku, huyu anasema sato wa kukaangwa na nyanya hana mpinzani, mpaka mchuzi mmoja ukataka kushika chini. Ikifika saa sita yule binti anaitwa mkwe na bibi watatu tofauti na kila mmoja ana mjukuu wake kichwani.

Ndio maana nasema jikoni kumi. Hakuna aliyesimama na kipaza sauti kutuambia tupendane. Ulipewa kazi, ukakaa karibu na mtu anayefanya kazi ileile, na mikono ikiwa bize mdomo unafunguka wenyewe.

Na kuna kitu kimoja kidogo nilikiona nikajua hawa watu wamefikiria. Kuna familia ya Kihindi mtaani hawali nyama kabisa. Kamati haikusema "wataletewa soda". Walipikiwa sufuria yao pembeni, mseto na mboga, na upawa wake umefungwa uzi wa kijani kwenye mpini ili mtu asije akachota mchuzi wa ng'ombe afu akarudishia huko. Mama wa familia ile alipouona ule uzi alikaa palepale akaanza kukaanga bajia bila kuambiwa. Ng'ombe wenyewe walichinjwa na maalim ili kila mtu ale kwa amani, na sijasikia Mkristo hata mmoja aliyelalamika, nyama ni nyama.

Pilau lilipaliwa makaa juu na chini likaiva sawia, chumvi freshi, iliki haikuzidi. Kisamvu cha nazi nilikionea huruma jinsi kilivyoisha. Kulikuwa na bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa pweza kwa wenye meno. Machungwa ya Muheza mkokoteni mzima. Watoto waligombania ukoko kama kawaida yao.

Haya, sasa turubai.

Hapa jamani kamati mlituangusha. Mlikodi turubai na viti na spika kwa mtu ambaye simtaji jina, kiti shilingi mia tano, vimefika vimechelewa, vingine mguu mmoja umepinda, na turubai lina tundu ambalo jua lilikuwa linapita likawachoma wazee palepale usoni mpaka wakawa wanahama na viti vyao kila baada ya muda. Spika ilikuja saa kumi kasoro wakati wametangaza saa nane, afu ilipokuja ikawa inakoroma tu. Hayo ni ya mkodishaji, naweza kusamehe, hela ya kishika uchumba ilishatolewa mngefanyaje.

Nisichosamehe ni mpangilio. Viti mistari mistari kama kikao cha chama, mbele meza kuu ina kitambaa cheupe na maua ya plastiki na maji ya chupa, na wale wote waliokuwa wanacheka pamoja uani, walipotoka kwenda kukaa kwenye viti wakagawanyika wenyewe bila kuambiwa. Wenye maduka wakakaa na wenye maduka. Kina mama wa msikitini mstari wao. Wapangaji wageni wamejibanza nyuma kabisa kila mtu na simu yake. Yule binti wa Mwanza nilimuona amerudi kuwa bubu, na bibi yake wa nazi yuko mstari wa pili hata hamuoni. Afu zikaanza hotuba. Mtambulisha wageni akatambulisha mpaka mtu aliyekuwa anapita na baiskeli. Huyu kaongea, yule kaongezea, mwingine "mimi sina mengi" akawa na mengi, pilau linapoa, watoto wanalia njaa. Kwa hilo saa zima na ushee nawapa tatu, na hizo tatu ni za kivuli kile kidogo kilichokuwepo.

Kilichowaokoa ni chakula tena. Mmoja wa kina dada wa kamati nadhani aliona hali, akasimamisha hotuba kwa adabu, akasema wazee wetu tunaomba radhi tui likikaa linachacha, tule kwanza. Viti vikasogezwa, majamvi yakatandikwa chini, wanaume upande wao na wanawake upande wao kama ilivyo kwetu. Na hapa wana mbinu ambayo mitaa mingine igeni. Kila sinia limefunikwa kawa, na juu ya kila kawa kuna kipande cha kanga kuukuu. Kila mtu getini alishapewa kipande chake mkononi bila kuambiwa cha nini. Sasa unatafuta sinia lenye kanga kama yako, hapo hapo ndo unakula, watu watano watano. Huwezi kukaa na shoga yako mliyeongozana labda kwa bahati. Na sinia halina unafiki, mnakula mkono mmoja, nyama iko katikati, lazima umwambie mwenzio "sogea" au "chukua hiyo".

Sinia la kaka yangu liliangukia fundi seremala Mdigo, kijana wa Mbeya dereva wa kijiko huko mradini, mzee wa Kipemba muuza samaki, na mangi, Mchaga wa duka la kona. Kaka yangu kwa upande wa baba yake ni Mpare. Mnajua Mpare na Mchaga wakikutana, ni utani tu, Mpare anaambiwa anapenda kesi na Mchaga anaambiwa anapenda hela. Mangi akachagua mfupa wenye nyama akamuwekea mbele, akasema "mpeni huyu mapema, akikosa atauza ng'ombe atufungulie kesi ya mfupa." Kaka akamjibu ale taratibu, hapa hakuna wa kumuandikia deni. Yule kijana wa Mbeya alicheka mpaka akapaliwa, na kuanzia hapo ndo akaanza kuongea. Leo hii akipita dukani kwa mangi anaitwa kwa jina.

Baada ya kula kulikuwa na bao, drafti, watoto wakacheza rede, na kuvuta kamba, mashabiki wa timu zetu mbili za mpira hapa Tanga, Coastal Union upande huu African Sports upande ule. Kamba ya mkonge nene ya kweli, viganja viliwaka moto. Coastal tulikuwa wengi lakini Sports walishinda, ukiwauliza watakwambia uwingi sio nguvu, ukituuliza sie walikuwa na yule dereva wa kijiko ambaye hata hajui Sports ni nini, alivaa jezi ya kuazima. Wametuchokoza wiki nzima. Tulishachukua ubingwa wa nchi mwaka 1988 kwaiyo hatuna presha.

Mengine niyapitie harakaharaka. Choo kilikuwa kimoja cha nyumba ya karibu, foleni ya kina mama ilikuwa ndefu na haikuwa sawa, mwakani ombeni nyumba tatu nne zifungue milango, watu hawatakataa. Maji ya kunawa yalikuwepo na sabuni. Taka ziliokotwa na vijana usiku uleule, asubuhi huwezi kujua palikuwa na shughuli, hilo nawavulia kofia. Wazee wasioweza kutoka nyumbani walipelekewa sahani, na hata wale waliosusa kuchanga kwa ugomvi wao wa mpaka wa ukuta walipelekewa pia, sikusikia kama walirudisha.

Pesa. Hapa ndo watu wengi hufa, na hapa kamati ilinifurahisha. Mapato na matumizi yote yaliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya manila ikabandikwa ukutani kwa mangi, mchele kiasi gani, mkaa, viungo, turubai, nauli ya mkokoteni, na risiti zimebanwa pembeni kwa pini. Imekaa pale watu wanasoma wakinunua sukari. Kulibaki hela kidogo na iliandikwa imebaki kwa nani. Nimeona vikoba vya watu wasomi havifanyi hivyo.

Kwa ujumla, jikoni kumi, sinia kumi, mahesabu tisa (hati ya mwandishi jamani, hiyo moja nimekata kwa mwandiko), vyoo nne, turubai na hotuba tatu. Ningechanga tena? Kesho. Ila ushauri wangu kwa kamati na kwa mitaa inayotaka kuiga, ile hela ya viti na meza kuu ingenunua nazi na mchele, wazee wapewe viti vya majumbani kwetu, wengine wote majamvi, na kazi za jikoni zigawiwe kwa vile vipande vya kanga pia, wanaume wamo, nyanya hazijui jinsia ya mtu. Hotuba iwe moja, ya kukaribisha chakula, mwenye mengi akaseme barazani kwake.

Wa Mikanjuni mliouliza masufuria, yapo kwa mama wa kwaya na anaazimisha bure, ila nendeni na mtu anayemfahamu na mrudishe na mifuniko yake yote, maana yetu mmoja mpaka leo haujaonekana na mama kanuna.